Mji Usio na Mto: Historia ya Maji ya Kuchimbwa Johannesburg

Miji mingi mikubwa ilizaliwa na maji. Cairo ina Nile, London ina Thames, Kinshasa ina Kongo. Mombasa, Lamu na Zanzibar zina bahari na bandari zake. Johannesburg haikuzaliwa hivyo. Ilizaliwa mwaka 1886, dhahabu ilipogunduliwa katika shamba la Langlaagte, na watu wakajenga palepale ulipokuwa mwamba wenye dhahabu: juu ya kigongo kilicho karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, pasipo mto wa kupitisha jahazi wala ziwa la kunyweshea mji. Ajabu ni kwamba kigongo hicho kina jina la maji. Witwatersrand, kwa lugha ya Makaburu, ni ukingo wa maji meupe. Maji yenyewe yalikuwa chemchemi na vijito vyembamba vilivyoteremka miambani. Yaliwatosha ng'ombe wa mashamba machache. Hayakuutosha mji wa wachimba dhahabu.

Kwa sababu hiyo, karibu kila maji yaliyotuama ambayo mpita njia huyaona leo Johannesburg yalitengenezwa na mikono ya watu. Mabwawa ya bustani za umma yalichimbwa. Ardhioevu mashuhuri za upande wa mashariki zilitokana na migodi. Vidimbwi vidogo ambavyo wenye nyumba wa mji huo huvichimba nyuma ya kuta zao, wakitaraji kuwavuta vyura, kereng'ende na ndege, ni kizazi cha mwisho cha ukoo huo mrefu. Ndiyo maana swali ambalo watu wa mazingira hupenda kuliuliza, yaani kama kidimbwi fulani ni cha asili au ni cha kubuniwa, halitufikishi mbali katika mji huu. Historia inatupa maswali mengine matatu: maji haya yalitoka kwa nani, yalichimbwa na nani, na yakishafurika yanamwendea nani.

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla ya mji. Misitu ya mijakaranda inayofunika vitongoji vya kaskazini ni migeni; ilipandwa. Ardhi ya asili ilikuwa mbuga ya majani ya nyanda za juu, yenye miti michache, mvua za radi kuanzia Oktoba hadi Machi, na baridi kavu yenye jalidi katikati ya mwaka. Katika mabonde baina ya vigongo palikuwa na maeneo tepetepe ambayo Makaburu waliyaita vlei. Yalijaa wakati wa mvua, yakakauka au kupungua wakati wa kipupwe. Viumbe wa huko walijifunza kuishi kwa ratiba hiyo. Mfano bora ni chura mkubwa ambaye wanasayansi humwita Pyxicephalus adspersus. Sehemu kubwa ya mwaka hujifukia ardhini, akijifunika kwa tabaka za ngozi yake ili asikauke. Mvua kubwa za kwanza zinapopiga, hutoka, huzaana katika maji mafupi, na dume hubaki kuwalinda watoto. Maji yakianza kukauka kabla watoto hawajakomaa, dume huchimba mfereji kwa miguu yake ya nyuma na kuwafungulia njia kuelekea kwenye maji yenye kina. Mchimbaji wa kwanza wa maji katika nchi ile hakuwa binadamu.

Mji ulipoanza, vijito vile vilipata kazi mpya. Wachimba dhahabu walikuwa wanaume maelfu wasio na wake pamoja nao, na nguo zao zilihitaji kufuliwa. Katika kijito cha Braamfontein na vingine vya jirani walijitokeza mamia ya wanaume wa Kizulu waliofua kwa malipo. Walijulikana kama AmaWasha. Mwanahistoria Charles van Onselen, katika tafiti zake kuhusu Witwatersrand zilizochapishwa mwaka 1982, ameonyesha kwamba chama chao kiliiga mfano wa dobi wa Kihindi waliowaona Natal, hata kilemba wakavaa. Msomaji wa Kiswahili hapati taabu kulifahamu jambo hili, kwani neno dobi nasi tulilipata kutoka Bara Hindi, likaja kwa njia ya bahari, na hadi leo linaishi katika mitaa yetu. Kwa muda mfupi kijito kile kilikuwa mali ya watu wenye ufundi wao, sheria zao na heshima yao.

Lakini mji uliokosa mto haukuchelewa kuanza kuyagawa maji. Upande mmoja kulikuwa na maji ya kustarehesha. Mwishoni mwa miaka ya 1880, kamishna wa madini Montague White aliagiza bwawa lichimbwe Boksburg, mashariki ya mji. Watu walimcheka, wakauita mradi wake upumbavu, mpaka mvua ilipolijaza. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Wernher, Beit iliutolea mji sehemu ya msitu wake wa kupandwa uliokuwa kaskazini, kwa kumbukumbu ya Hermann Eckstein. Hapo ndipo ilipo bustani ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1904, na ndipo lilipochimbwa ziwa linaloitwa Zoo Lake. Mwaka 1912 shamba la Geldenhuys lilipata bwawa lake, Emmarentia, lililopewa jina la mke wa mwenye shamba. Waliolijenga walikuwa Makaburu mafukara waliopoteza mashamba yao katika vita vya 1899 hadi 1902. Bwawa lilikuwa kazi ya kuwapa mlo.

Ndege hawakungoja kualikwa. Mabata bukini wa Misri, kulastara, yangeyange na midiria walikuja kwenye maji hayo mapya kana kwamba yalikuwapo tangu zamani. Na Zoo Lake ina fadhila nyingine ya kukumbukwa. Kwa kuwa zawadi ile ilitolewa kwa watu wa mji wote, hata katika miaka ya ubaguzi wa rangi pale palibaki kuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo watu wa rangi zote waliweza kuketi kwenye majani yaleyale, wakitazama maji yaleyale.

Upande wa pili kulikuwa na majitaka. Mwaka 1904 ugonjwa wa tauni ulizuka katika mtaa wa Wahindi na Waafrika karibu na kitovu cha mji, palipokuwa na viwanda vya matofali. Mohandas Gandhi, wakati huo wakili mjini humo, alikuwa miongoni mwa waliowauguza wagonjwa. Baraza la mji liliuchoma moto mtaa ule na kuwahamishia wakazi wake Klipspruit, kilomita nyingi kusini-magharibi, kando ya shamba ambalo mji ulimwagia majitaka yake. Miaka michache baadaye dobi wa Kizulu nao walisukumwa kuelekea huko, mbali na wateja wao, na ufundi wao ukafifia. Klipspruit ilikuja kuitwa Pimville mwaka 1934, na ni moja ya sehemu kongwe zaidi za Soweto. Kwa maneno mengine, mwaka uleule ambao kaskazini ilipata bustani ya wanyama, kusini ilipata watu waliohamishwa ili waishi na uchafu wa kaskazini. Ukitaka kuandika historia ya vidimbwi vya Johannesburg bila kutaja tukio hilo, utakuwa umeandika nusu.

Mpangilio huo ulirudiwa mara nyingi. Mwaka 1912, mwaka wa bwawa la Emmarentia, ndipo pia kilipoanzishwa kitongoji cha Alexandra, mahali ambapo Mwafrika aliweza kumiliki kiwanja kabla sheria ya ardhi ya 1913 haijafunga milango. Kando ya Alexandra unapita mto Jukskei, unaoanzia chini ya barabara na majengo ya katikati ya mji. Mvua za radi zinapopiga juu ya lami na mapaa ya mji mzima, maji hukosa ardhi ya kuyanywa, hukimbilia Jukskei, na hubomoa vibanda vya waliojenga ukingoni kwa kukosa pengine pa kujenga. Maeneo tepetepe yaliyokuwa yakiyapunguza kasi yalishajengewa.

Kuhusu maji safi, mji ulijifunza kuyafuata mbali. Bodi ya maji ya Rand iliundwa mwaka 1903. Bwawa la Vaal lilikamilika mwaka 1938, na maji yake yakawa yanasukumwa kwa mitambo kupanda kilima hadi mjini. Hilo nalo halikutosha. Mwaka 1986 serikali ya makaburu ilitia saini mkataba na Lesotho, na mwaka 1998 maji ya milima ya nchi hiyo, yaliyozuiwa na ukuta wa Katse wenye kimo cha mita 185, yalianza kutiririka kupitia mahandaki kuelekea kaskazini. Vijiji na malisho ya Lesotho vilizama ili mabomba ya Witwatersrand yasikauke. Kwa hiyo mtu anayefungua bomba kujaza kidimbwi cha vyura Johannesburg anatumia maji yaliyosafiri kuliko wasafiri wengi.

Maji hayo ya bomba yaliumba nchi mpya. Viwanja vya nyumba za kaskazini, ambavyo sheria ya 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi ilivihifadhi kwa wazungu, vilimwagiliwa mwaka mzima. Majani yakabaki kijani hata wakati ambapo mbuga ya asili ingekuwa kavu. Udongo laini ukajaa minyoo, na kwarara, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda na sauti ya kumwamsha aliyelala fofofo, akapanua makazi yake katika karne ya 20 mpaka akawa mwenyeji wa Johannesburg. Waliomwagilia, waliokata majani na waliochimba mashimo hawakuwa wenye bustani. Walikuwa wafanyakazi weusi waliolala katika vyumba vya uani, wengi wakiwa wahamiaji kutoka mashambani na kutoka nchi jirani, na baadhi yao waliitwa boi hata walipokuwa na wajukuu. Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua neno hilo. Shambaboi wa Nairobi na Dar es Salaam alikuwa ndugu yake wa karibu.

Na migodi je? Hiyo nayo ilitengeneza maji, bila kukusudia. Mashariki ya Johannesburg, karibu na mji wa Nigel, kijito cha Blesbokspruit kilikuwa chembamba tu. Barabara na matuta yaliyojengwa kukatiza bonde lake, pamoja na maji yaliyopampiwa kutoka chini ya migodi, vilikigeuza kuwa ardhioevu pana ya matete. Ndege walikuja kwa wingi, zaidi ya aina 200, na sehemu yake ikawa hifadhi ya Marievale. Mwaka 1986 Blesbokspruit iliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar. Miaka 10 baadaye, mwaka 1996, iliongezwa katika orodha ya zile zilizo hatarini, kwa sababu ya maji machafu ya mgodi. Mkono uliolizaa bonde lile ndio uliokuwa ukilitia sumu. Magharibi ya mji, mwaka 2002, maji yenye tindikali yalianza kububujika juu ya ardhi kutoka migodi iliyoachwa, yakabeba chuma na madini mengine mazito hadi vijitoni.

Ni katika historia hiyo ndipo kidimbwi cha bustani kinapaswa kuwekwa. Mji uliokula vlei zake umewaacha viumbe wa maji wakiwa na mahali pachache. Chura mkubwa tuliyemtaja bado huzaa katika bwawa la msimu la Glen Austin, huko Midrand, likiwa limezungukwa na nyumba na barabara ambazo humbidi azivuke usiku wa mvua. Kwa viumbe wenye masharti mepesi zaidi, hata shimo la mita mbili lina maana. Chura wa kawaida wa mji, yule ambaye wanasayansi humwita Sclerophrys gutturalis na ambaye sauti yake ni mkoromo mzito, hutaga mayai katika nyuzi ndefu kama shanga. Kereng'ende huja siku chache tu baada ya maji kutulia. Ndege huja kunywa na kuoga, hasa katika miezi ya ukame.

Utengenezaji wake si siri, na kila kanuni yake ni mafunzo yaliyorithiwa kutoka vlei. Kingo ziwe na mteremko mpole, ili chura mdogo na ndege waweze kuingia na kutoka; kidimbwi chenye kuta wima kama kisima ni mtego. Kina kitofautiane, sehemu fupi ya kuota jua na sehemu ndefu isiyochemka mchana. Mimea iwe ya nchi ileile, matete mafupi na nyasi za majini zenye kuota nusu ndani ya maji. Maji yawe ya mvua kutoka paani kwa kadiri inavyowezekana; kama ni ya bomba, yaachwe kwanza dawa yake ipungue. Samaki wasitiwe, kwa kuwa watakula mayai ya vyura na watoto wa kereng'ende. Dawa za kuua wadudu zisikaribie. Baada ya hapo mwenye bustani asubiri, asiende kuwaleta viumbe kutoka kwingine. Anayefaa kukaa hapo atafika mwenyewe.

Sharti hilo la mwisho lina historia chungu nyuma yake. Chura yule anayekoroma alipelekwa Mauritius mwaka 1922 kutoka Afrika Kusini ili ale wadudu wa miwa, akaenea kisiwa kizima. Mwanzoni mwa karne hii alijitokeza Cape Town, ambako si kwao, akazaana katika vidimbwi vya bustani za watu mpaka ikabidi awindwe. Kisa cha mmea ni kikubwa zaidi. Gugumaji lilitoka Amerika ya Kusini likasambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau. Lilikuwa pambo la vidimbwi. Johannesburg humwaga maji yake ya kaskazini, pamoja na mabaki ya majitaka, katika bwawa la Hartbeespoort lililojengwa katika miaka ya 1920, na huko gugumaji limefunika maji mara kwa mara. Wasomaji wa Kisumu, Mwanza na Entebbe hawahitaji kuelezwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 mmea huohuo umewafungia wavuvi wa Ziwa Victoria njia za mitumbwi. Pambo la bustani ya mtu mmoja liligeuka kuwa njaa ya wengine.

Labda hapa ndipo msomaji wa pwani atauliza kuhusu mbu. Swali ni la haki. Kiswahili chetu humwita kiluwiluwi mtoto wa mbu, na humwita kiluwiluwi mtoto wa chura pia, na kwa vizazi vingi tumefundishwa kufukia kila dimbwi karibu na nyumba. Johannesburg iko juu mno na ina baridi mno kwa malaria kujiendesha, na hilo hubadili hesabu. Lakini hata kwetu, wazee hawakuyakimbia maji yote yaliyotuama. Katika nyumba za mawe za Lamu, ndani ya birika la kuogea, waliwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika palizamishwa bakuli la kaure ili samaki wapate pa kukaa maji yanapopungua. Kanuni ni ileile inayofanya kazi katika kidimbwi cha Johannesburg, ingawa huko mlinzi si samaki bali ni mtoto wa kereng'ende na wadudu wengine wawindaji. Maji yaliyo hai huwa na walinzi wake. Ya kuogopwa zaidi ni maji ya kopo na tairi bovu, yasiyo na wa kuyalinda.

Kuna pingamizi lililo zito kuliko la mbu. Je, kidimbwi cha vyura katika kitongoji chenye kuta ndefu na nyaya za umeme si anasa ya aliyeshiba, katika mji ambao mabomba ya wengine hukauka kwa siku kadhaa? Ni kweli kwamba kidimbwi hakitaurekebisha Jukskei wala kusafisha maji ya migodi. Ni kweli pia kwamba bustani yenyewe ni tunda la mgao usio wa haki. Aliyerithi bustani hiyo, au aliyeinunua baada ya 1994, hawezi kuyarudisha maji ya Lesotho kwa kuchimba shimo.

Hata hivyo, pingamizi hilo likifuatwa hadi mwisho linatuonyesha kidimbwi cha namna gani kinastahili kuchimbwa. Kidimbwi kinachojazwa kwa bomba, chenye samaki wa mapambo na mashine ya kuzungusha maji usiku na mchana, ni kuendeleza desturi ileile ya kuvuta maji ya wengine kwa ajili ya macho ya mmoja. Kidimbwi kinachokusanya mvua ya paa lake, kikaizuia kwa saa chache isikimbilie mtoni kwa hasira, kikaiachia polepole ardhini, kinafanya sehemu ndogo ya kazi iliyofanywa na vlei kabla hazijajengewa. Maelfu ya vidimbwi kama hivyo, pamoja na ardhioevu za umma zinazotunzwa Soweto na Alexandra kwa uzito uleule unaotolewa kwa Zoo Lake, vingekuwa sera. Kimoja ni mwanzo tu, lakini ni mwanzo ulioelekea upande wa haki.

Witwatersrand ina jambo moja ambalo ramani hulionyesha wazi. Kigongo hicho hugawa mvua. Tone linaloanguka upande wa kusini hufuata Klip, kisha Vaal, kisha Orange, na kuishia Bahari ya Atlantiki. Tone la upande wa kaskazini hufuata Jukskei, kisha mto Crocodile, kisha Limpopo, na kufika Bahari ya Hindi katika pwani ya Msumbiji. Mwenye bustani wa kaskazini ya Johannesburg, anapokata ukingo wa kidimbwi chake ili maji yanayofurika yapate pa kutokea, anachagua yatoke yakiwa masafi au machafu, kwa fujo au kwa utulivu. Walio chini ya mkondo, kuanzia Alexandra hadi baharini, hawajawahi kuulizwa. Historia ya maji ya mji huu imeandikwa kwa kutowauliza, na ukingo huo mdogo ni mahali pamoja ambapo mtu mmoja anaweza kuiandika vingine.